Jibu la uani na jibu la njiani: tuwaulizeje vijana kuhusu uzazi wa mpango?

Mwanafunzi wa Temeke

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu matumizi ya njia za uzazi wa mpango kwa wasichana wa kata chache za Temeke. Kibali cha maadili nilichopewa kinawahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ingawa natamani kushuka hadi miaka 15. Kwa sasa nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama, yaani kwenye swali lenyewe.

Nilipokuwa nalijaribu dodoso huko Tandika, nilimkuta binti wa miaka 20 katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi uani. Nilijieleza, akaridhia, nikavuta kigoda. Mwenye nyumba alikuwa hatua chache kutoka tulipo, akianua nguo kwenye kamba taratibu mno, nikaanza kuamini kwamba zile nguo hazitaisha hadi mimi niondoke. Nilipofika kwenye swali la 14, "Je, kwa sasa unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango?", binti alijibu bila kusita na kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Hapana, mimi sijazaa." Nikazungushia "Hapana", nikaendelea hadi mwisho, nikashukuru. Alinisindikiza kituoni kama ilivyo ada, na tulipokwisha kuvuka barabara akaniuliza kwa sauti ya chini kama kumeza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mara mbili ndani ya mwezi mmoja kunaweza kumletea matatizo baadaye, kwa kuwa mwezi uliopita alifanya hivyo na siku zake zikavurugika.

Kwa mujibu wa dodoso langu, binti huyu hatumii njia yoyote. Mwingine, wa Keko, alijibu kwamba hajaolewa, na kabla sijamaliza kuuliza akafika kijana wa bodaboda, akavua viatu mlangoni, akaingia ndani na kuulizia chakula. Wanaishi sogea tukae, yaani pamoja bila ndoa, mwaka wa pili sasa.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, kosa liko katika maneno ya swali, katika mahali pa kuulizia, au katika mimi mwenyewe niliyekwenda na kitambulisho cha chuo shingoni? Na yale niliyoambiwa njiani, baada ya kalamu kufungwa, ninaruhusiwa kuyatumia?

Muuguzi wa Zamu

Mdogo wangu, nimefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na naomba nianze na maneno yako kabla ya mengine yote, kwa sababu yule binti wa Tandika hakukudanganya. Ulimuuliza kuhusu uzazi wa mpango, naye akakujibu kwamba hajazaa. Kwake yeye, na kwa wasichana wengi wanaokuja kwetu, uzazi wa mpango ni shughuli ya mtu mwenye watoto wawili au watatu anayetaka kupumzika, yaani ni jambo la mama yake na shangazi zake. Hana uzazi wa kuupanga. Anachokijua yeye ni kwamba hataki mimba mwezi huu, na kwa hilo lugha yetu ya ofisini haikumwandalia neno.

Ukikimbilia neno "kinga" utaangukia shimo jingine, kwa sababu mjini hapa kinga ni kondomu, na tena ni kondomu kwa ajili ya Ukimwi. Msichana mwenye kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono atakuambia kwa moyo safi kabisa kwamba hatumii kinga. Mimi ninapokaa na binti huacha majina makubwa yote nikamuuliza: "Unafanyaje usishike mimba?" Hapo ndipo yanapotoka yote: sindano, kijiti, vidonge vya majira, kuhesabu siku, mwenzi kumwaga nje, P2, na hata vitu ambavyo si njia kabisa, kama vile kunywa majivu yaliyoyeyushwa kwenye maji au chai ya rangi kali mara tu baada ya tendo. Haya ya mwisho nayo yaandike, kwa sababu msichana anayekunywa majivu anaamini kwamba anatumia njia, na ukimhesabu kuwa mtu asiyejali utakuwa umekosea.

Kuhusu mahali, nadhani unalijua jibu tayari. Chumba cha uzazi wa mpango katika vituo vingi kiko ndani ya kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo binti asiye na mtoto hupita mbele ya benchi lililojaa akina mama wenye kadi za watoto, na wawili kati yao huwa ni majirani zake. Ninao wateja ambao kadi zao nimezihifadhi kwenye droo yangu kwa sababu hawathubutu kwenda nazo nyumbani. Wapo walioniomba nikiweke kijiti juu kidogo, mahali ambapo mwenzi akiwashika mkono hatakipapasa, nikalazimika kuwaeleza kwamba mahali pa kukiweka pameelekezwa kitaalamu, upande wa ndani wa mkono wa juu, na kwamba kinachowezekana ni kuzungumza kuhusu njia nyingine isiyopapasika. Msichana wa namna hii hawezi kukujibu uani.

Acha niseme na la upande wetu, maana watafiti hupenda kumchunguza kijana na kumwacha mtoa huduma. Miongozo ya wizara inasema wazi kwa miaka mingi sasa kwamba huduma hizi ni kwa kila mtu aliye katika umri wa kuzaa, wakiwemo vijana, bila kujali ameoa au ameolewa na bila kujali ana watoto wangapi. Hata hivyo, taarifa zilizokusanywa kwa watoa huduma wa nchi hii mwaka 1996 zilionyesha kwamba wengi wetu tulikuwa tukiweka masharti yetu wenyewe ya umri, ndoa na idadi ya watoto, na mimi nilikuwa mmoja wao. Katika miaka yangu ya mwanzo, swali langu la kwanza kwa msichana lilikuwa "Una watoto wangapi?", na akijibu kwamba hana, uso wangu ulimaliza mazungumzo kabla ya mdomo. Nilikuwa na tabia nyingine pia, ya kumwambia arudi akiwa kwenye siku zake, ilhali ipo orodha fupi ya maswali ya kumhakikishia muuguzi kwamba mteja hana mimba, na kwa orodha hiyo angeweza kuhudumiwa siku ileile. Sijui ni wangapi niliowarudisha na hawakurudi. Kwa hiyo unapoandika kwamba msichana hatumii, tafadhali liwepo na swali la kama aliwahi kwenda mahali akanyimwa.

Kuhusu P2 na yule binti, mjibu usimwache hivi hivi. Dawa hiyo huchelewesha yai kutoka, haiitoi mimba iliyokwisha kutunga, na hufanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyomezwa mapema. Lebo husema ndani ya saa 72, na Shirika la Afya Duniani linakubali hadi siku tano ingawa nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Kuvurugika kwa siku ni jambo la kawaida baada ya kuimeza. Kurudia hakumharibu kizazi, ila kwa mtu anayeihitaji mara mbili kwa mwezi zipo njia za uhakika zaidi, na hayo ni mazungumzo ya kliniki.

Mzazi wa Mbagala

Nimesoma kwa utulivu na ninaomba radhi kama nitaonekana mtu wa zamani. Nina mabinti wawili, wa miaka 17 na 21. Ninachojiuliza ni hiki: mtafiti akija nyumbani kwangu akamuuliza binti yangu maswali haya, je, hajamfundisha jambo ambalo hakuwa nalo? Na la pili, hizi sindano mnazozisifu, mpwa wangu alichoma mwaka mmoja tu, akaacha ili apate mtoto, akakaa karibu mwaka mzima bila kushika mimba. Mtasema ni uvumi?

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hilo la mpwa wako si uvumi, na ni bahati mbaya kwamba hatukumweleza mapema. Sindano ya miezi mitatu huchelewa kutoka mwilini. Kwa wastani wanawake walioitumia huchukua miezi minne zaidi ya waliotumia njia nyingine kabla ya kushika mimba, na wapo wanaofika mwaka au kuupita kidogo. Kizazi hurudi, ila hakirudi siku anayoacha. Kijiti na vidonge havina ucheleweshaji huo. Mteja anayetaka mtoto mwaka ujao anapaswa kuambiwa haya kabla ya sindano ya kwanza, na asipoambiwa, mtaa utampa maelezo yake wenyewe: "ameharibiwa kizazi". Uvumi mwingi ninaokutana nao una punje ya kweli ndani yake, na dodoso linalouliza "Je, unaamini kwamba njia za kisasa husababisha ugumba, ndiyo au hapana?" humfanya mama aliyeona kwa macho yake aonekane mjinga.

Kikokotoo

Salaam. Mimi kazi yangu ni takwimu, kwa hiyo nitaingia kwa mlango huo, na nitaanza na kijana wa bodaboda aliyevua viatu mlangoni, maana yeye ana athari kubwa zaidi kwenye hesabu zako kuliko unavyodhani.

Tulifundishwa shule ya msingi kwamba sehemu ina kiasi na asili. Watu wakibishana kuhusu asilimia za uzazi wa mpango hubishana kuhusu kiasi, wakati ugomvi wa kweli uko kwenye asili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 38 ya wanawake walio katika ndoa wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakitumia njia yoyote, na asilimia 32 wakitumia njia ya kisasa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 38 na 31. Tarakimu hizi hunukuliwa kila kikao, pamoja na vikao vya vijana, ilhali asili yake ni wanawake walio katika ndoa, ambao wengi wao walikwisha kuvuka umri wa ujana. Zaidi ya hapo, katika tafiti hizo anayeishi na mwanaume kama mke huhesabiwa kuwa yuko katika ndoa. Binti yako wa Keko, kwa kanuni hiyo, ameolewa. Kwa jibu lake mwenyewe, hajaolewa. Na ukimweka kundi lisilo lake, utaharibu makundi yote mawili. Usiulize "Umeolewa?" peke yake. Uliza kwanza analala nyumba moja na nani, kisha uliza kuhusu ndoa ya kidini, ya kimila au ya serikali.

Kwa wasioolewa lipo tatizo la muda. Tafiti hizo za kitaifa humhesabu mwanamke asiyeolewa kuwa hai kimapenzi kama alifanya tendo ndani ya siku 30 zilizopita. Kwa mke wa mtu kipindi hicho kinatosha, lakini maisha ya msichana wa miaka 19 ambaye mpenzi wake ni utingo wa lori la Tunduma hayaendi kwa mwezi. Anaweza kukaa wiki saba bila kumwona, kisha akawa naye siku tatu. Ukimkuta wiki ya tano, hatumii chochote na wala hahitaji. Ukimkuta Jumapili ile, amemeza P2. Neno "kwa sasa" katika swali lako la 14 limechukuliwa kutoka kwenye maisha ya mtu mwenye mume nyumbani. Uliza kuhusu mara ya mwisho: ilikuwa lini, na siku ile mlifanya nini, au ulifanya nini baadaye, ili usishike mimba. Tukio moja lenye tarehe hukumbukwa vizuri kuliko desturi.

Sasa kuhusu jibu la uani. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa walilipia somo hili kwa gharama kubwa, na sipendi kuona linasahaulika. Mradi wa Mema kwa Vijana, uliofanyika vijijini Mwanza kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, ulizigawa jamii 20 kwa bahati nasibu, nusu zikapewa elimu ya afya ya uzazi mashuleni, huduma rafiki kwa vijana vituoni na shughuli nyingine za kijamii. Ulipofika wakati wa kupima, maarifa yalikuwa yamepanda na majibu ya vijana kuhusu mwenendo wao yalikuwa mazuri zaidi katika jamii zilizopata elimu, lakini vipimo vya damu na vya mimba havikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande mbili katika maambukizi ya VVU wala katika mimba. Kama wangeishia kwenye dodoso, wangeandika ushindi.

Watafiti waliokuwa katika mradi huohuo walilinganisha njia kadhaa za kuwauliza vijana: dodoso la ana kwa ana, dodoso la kujijazia kwa kusaidiwa, usaili wa kina, na kuishi na wenyeji kijijini kwa muda. Walikuwapo wasichana waliosema kwenye dodoso kwamba hawajawahi kufanya tendo, huku vipimo vikionyesha vingine. Baadhi yao walisema kweli katika usaili wa kina. Kilichofunua zaidi sura halisi ya mambo ni kule kuishi nao, kuteka nao maji na kutembea nao. Kwa maneno mengine, dada, ile njia ya kutoka uani hadi kituoni ina thamani ya kitafiti, ila huwezi kuigeuza kuwa asilimia.

Kama unataka asilimia kwenye jambo la siri, jaribu mbinu ya orodha. Unawagawa washiriki kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza linasomewa sentensi nne za kawaida, kwa mfano "Mwezi huu nilipanda daladala" au "Mwezi huu nilisuka", na mshiriki anataja idadi tu ya zile zinazomhusu, bila kusema ni zipi. Kundi la pili linasomewa zilezile nne pamoja na ya tano: "Mwezi huu nilimeza P2". Tuseme, kwa mfano wa kubuni, wastani wa kundi la kwanza ni 1.9 na wa pili ni 2.1; tofauti ya 0.2 ina maana kwamba takriban asilimia 20 walimeza, na hata mwenye nyumba anayeanua nguo hataambulia kitu, kwa sababu alichosikia ni "mbili". Ubaya wake ni kwamba makosa ya sampuli hupanuka sana, kwa hiyo inahitaji watu wengi.

Na kwa kuwa umefika huko, tazama upya ukubwa wa sampuli yako. Hesabu ya kawaida ya asilimia 50, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95 hutoa watu 384, na kila tasnifu ninayoikagua ina 384 kama vile ni namba takatifu. Hesabu hiyo ni ya kuchota watu mmoja mmoja mjini kote. Wewe unachukua mitaa, kisha nyumba ndani ya mitaa, na wasichana wa mtaa mmoja hufanana. Ukizidisha kwa 2 kwa ajili ya kufanana huko unapata 768, na ukitarajia kwamba mmoja kati ya kumi atakataa au hatapatikana, unahitaji kuwatembelea 854. Kama fedha haitoshi, punguza kata au punguza maswali, usipunguze hesabu kimyakimya.

Famasi ya Kona

Nitachangia kidogo tu kwa kuwa nipo dukani. Mtafiti anawauliza wasichana peke yao, lakini kwangu mimi wateja wa P2 kwa sehemu kubwa ni wavulana. Wanakuja asubuhi ya Jumapili na ya Jumatatu, wanasimama pembeni hadi mama aliyekuja kununua dawa ya kikohozi aondoke, kisha wanaiomba kwa ishara ya vidole viwili. Hawaulizi maelekezo. Nikimwambia kijana amwambie mwenzake ameze leo hii hii, hujibu "sawa bosi" huku amekwisha kugeuka. Wapo wasichana wanaomeza kidonge bila kuliona pakiti wala kujua jina lake. Wameletewa kwenye kipande cha karatasi. Ukimuuliza msichana wa namna hiyo kama ametumia P2, atasema hajui, na atakuwa mkweli.

Mjumbe wa Kamati

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kwa hiyo nijibu lile lililobaki, na nitakuwa mkavu kidogo.

Ridhaa ya binti wa Tandika ilihusu dodoso. Aliyokuambia njiani alikuambia wewe kama dada, siyo mradi. Huwezi kurudi ukafuta "Hapana" ukaandika "Ndiyo". Unaweza kuandika katika daftari la uwandani kwamba mazungumzo ya kusindikizana yaliibua mambo yasiyotoka kwenye dodoso, bila mtaa, bila umri kamili na bila ile nazi, na ukalitumia hilo kama sababu ya kulibadili dodoso. Mabadiliko hayo nayo yarudishwe kwenye kamati kabla ya kuyatumia. Na naomba nikukumbushe kwa upole kwamba hapa jukwaani umekwisha kutaja umri, eneo na idadi ya vyumba.

Kushuka hadi miaka 15 kunawezekana, lakini si kwa kufuta 18 na kuandika 15. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa hiyo kamati itataka ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Hapo unaona ugumu: barua ya kuomba ridhaa ya mzazi kwa utafiti wa njia za kuzuia mimba inaweza kumfanya mzazi aanze kumshuku binti ambaye hajafanya lolote. Wapo wanaoomba kamati iruhusu barua ieleze afya ya vijana kwa ujumla; wengine huomba msamaha wa ridhaa ya mzazi kwa wanaojitegemea. Yote mawili hujadiliwa kwa hoja, na hakuna linalotolewa kwa kuombwa tu.

Lililo zito zaidi ni sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kwa sheria hiyo, mwanaume anayefanya tendo na msichana wa chini ya miaka 18 ametenda kosa la kubaka hata kama msichana aliridhia, isipokuwa kama ni mkewe na amefikisha miaka 15. Msamaha huo unatokana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo vifungu vyake vya umri Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Sasa fikiria binti wa miaka 16 anakujibu kwamba mwenzi wake ana miaka 27. Umeshamwahidi siri. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Utafanya nini jioni ile? Kama hujaliandika jibu hilo kwenye andiko lako, pamoja na jina la ofisi ya ustawi wa jamii utakayompeleka na maneno utakayomwambia binti kabla ya swali la kwanza kuhusu mipaka ya siri, usianze. Mzee wa Mbagala aliuliza kama utafiti unaweza kumdhuru binti yake. Kumfundisha jambo jipya si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni kumfanya aseme jambo ambalo hakuna aliyejiandaa kulipokea.

Mwanafunzi wa Temeke

Nawashukuru sana, na mjumbe wa kamati, umenikamata kwa haki; nimemwomba msimamizi wa jukwaa aifiche aya ile, na nitaripoti kwa msimamizi wangu wa chuo.

Nimekaa na dodoso usiku kucha. Miaka 15 hadi 17 nimeiacha, kwa sababu nilipojaribu kuandika nitakachofanya jioni ile, ukurasa ulibaki mweupe. Swali la 14 nimeliondoa. Mahali pake sasa pana mfululizo huu: "Mara ya mwisho ulipokuwa na mwenzi, ilikuwa lini?", kisha "Siku ile, kuna jambo lolote wewe au yeye mlilofanya ili usishike mimba?", kisha "Na baada ya siku ile, kuna kitu ulimeza, ulikunywa au ulipewa?" Neno "ulipewa" limetoka kwa ndugu wa famasi. Swali la ndoa nimelivunja kama alivyoelekeza Kikokotoo, na nimeongeza la kurudishwa kituoni. Usaili utafanyika nje ya nyumba, mahali atakapochagua mshiriki mwenyewe. Mmoja amekwisha kupendekeza saluni anayofanyia kazi, saa nane mchana, wakati hakuna wateja na feni ina kelele ya kutosha.

Kitambulisho nitabaki nacho shingoni, kwa kuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa hatanipokea bila hicho. Limebaki moja. Dada muuguzi, baadhi yao wataniuliza maswali ya dawa kama yule wa kwanza, nami si muuguzi. Naweza kuwaelekeza kwako?

Muuguzi wa Zamu

Waelekeze. Waambie waje Alhamisi baada ya saa nane, benchi la akina mama likiwa limekwisha, na wapite mlango wa nyuma ulio karibu na tangi la maji. Wasiseme wametumwa na mtafiti. Waulizie tu zamu yangu.